Nani Aliandika Jina la Mtoto Wako? Historia ya Pesa za Watu Wenye Ulemavu Vijijini Kwetu

SEHEMU YA 1: PESA HUFUATA ORODHA

Mfululizo wa wiki hii una sehemu 7. Nitauweka wote leo, usome kidogo kidogo ukiwa unanyonyesha au ukisubiri maharage yaive.

Swali linalokuja sana kwa wazazi ni hili: "Nesi, mtoto wangu ana mtindio wa ubongo, nasikia serikali inatoa pesa. Nazipataje?" Mwingine anauliza kuhusu mtoto mwenye mgongo wazi, au mguu kifundo, au asiyesikia.

Jibu fupi ni kwamba hakuna dirisha moja lililoandikwa "pesa za ulemavu". Zipo njia kadhaa, na kila njia ina mtu wake anayeishika. Halafu zote zina jambo moja linalofanana: pesa ya serikali hufuata orodha. Jina likiwa kwenye orodha, pesa ina pa kwenda. Jina lisipokuwepo, hata sheria iwe nzuri namna gani, kwako haifiki.

Na orodha haijiandiki. Anaiandika mtu: mtendaji, afisa ustawi, mwezeshaji, mwenyekiti wa kitongoji. Kwa hiyo nikikueleza historia ya hizi pesa, ukweli ni kwamba nakueleza historia ya watu walioshika kalamu. Ukiijua, utajua leo ugonge mlango upi.

SEHEMU YA 2: ENZI ZA UKOO NA MISHENI

Zamani za bibi zetu mtu mwenye ulemavu alikuwa wa ukoo. Ukoo ukiwa na chakula alikula, ukiwa na njaa naye alilala njaa. Wapo waliotunzwa vizuri sana, na wapo waliofichwa ndani kwa aibu au kwa kuogopa maneno ya watu. Serikali ya mkoloni haikuwa na hesabu yao.

Idara ya ustawi wa jamii ilianza Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kazi yake ya mwanzo ilihusu zaidi askari waliorudi kutoka vitani. Mtoto wa kijijini aliyezaliwa na ulemavu hakuwa kwenye mawazo ya ofisi hiyo.

Pengo lile lilizibwa zaidi na misheni. Mwaka 1950 shule ya wasioona ya Buigiri ilianza kule Dodoma chini ya kanisa la Anglikana. Mwaka 1963 shule ya viziwi ilianza Tabora. Na hapa kwetu Makiungu, masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary walifika mwaka 1954 na kuanza huduma ambayo leo tunaijua kama Hospitali ya Makiungu. Bibi zetu wengi walijifungulia pale.

Angalia utaratibu wa wakati ule. Anayejua habari za mtoto wako alikuwa sista, katekista, au mwalimu wa shule ya misheni. Huyo ndiye "mratibu" wa kwanza tuliyekuwa naye. Akikuona kanisani au kliniki, mtoto alipata nafasi. Asipokuona, basi.

Na magonjwa nayo yalikuwa tofauti. Wazee wengi unaowaona na mguu uliopooza walipata polio utotoni, kabla chanjo haijaenea. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na mwaka 2015 Tanzania ikathibitishwa kuwa haina polio. Ile kadi ya kliniki unayoikunja kwenye kanga imeokoa miguu ya watoto wengi kuliko fimbo na magongo yote yaliyowahi kugawiwa.

Siku hizi ulemavu mwingi ninaouona kwa watoto unaanzia kwenye mimba au siku ya kujifungua: mtoto aliyechelewa kulia, manjano iliyozidi, kichwa kikubwa, mgongo wazi. Hawa ni wadogo, wapo ndani na mama zao, hawaonekani barabarani. Ndiyo maana ni rahisi wasiandikwe popote.

SEHEMU YA 3: BALOZI WA NYUMBA KUMI

Baada ya uhuru, katikati ya miaka ya 1960, ukaja mfumo wa balozi wa nyumba kumi. Waliozaliwa juzi hamumjui vizuri. Balozi alikuwa kiongozi wa chama, lakini kazi zake zilikuwa za kila aina: ugomvi wa ndoa, mgeni aliyelala kijijini, mbuzi aliyepotea. Alijua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi ina mtoto asiyetembea.

Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Watu walipata shida nyingi katika kuhama kule, sitaki kuzifunika. Ila kijiji kikawa na serikali yake, na mambo ya kila kaya yakaanza kujadiliwa kwenye mkutano wa kijiji. Huku kwetu halmashauri za wilaya zilikuwa zimefutwa mwaka 1972 kwenye mpango wa madaraka mikoani. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Kumbuka hili la halmashauri kurudi, kwa sababu pesa tutakayoizungumza kwenye sehemu ya 6 inatoka kwenye mfuko wake.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Mwaka uliofuata Bunge letu likapitisha sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo ya watu wenye ulemavu. Ile ya ajira ilitaka waajiri wakubwa watenge asilimia 2 ya nafasi. Ile ya matunzo iliweka mzigo kwa familia kwanza, halafu serikali za mitaa na mashirika.

Wazo la sheria ile lilikuwa kwamba mtu mwenye ulemavu ni wa kutunzwa. Kwamba ni mwananchi mwenye haki ya kudai, hilo lilichelewa miaka mingine karibu 30.

SEHEMU YA 4: KUTOKA HURUMA HADI HAKI

Miaka ya 1990 uchumi ulibana. Kuanzia mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza uchangiaji. Ukawekwa msamaha kwa makundi maalum, wakiwemo wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5, na kwa asiyeweza kabisa kulipa. Hapa ndipo barua ya mtendaji wa kijiji ikawa mali. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu aliyevuka miaka 5 alihitaji mtu wa kuandika kwamba kaya hii haina uwezo, na afisa ustawi wa jamii wa kuipokea ile barua hospitalini.

Utaratibu huo haujafa. Mzazi anayefika wodini na barua anahangaika kidogo kuliko anayefika mikono mitupu. Niamini kwenye hili.

Watu wenye ulemavu wenyewe hawakukaa kimya. Chama cha wasioona kilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 1992 vyama vyao vikaungana kwenye shirikisho, SHIVYAWATA. Kelele zao ndizo zilizozaa Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2004. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ukaonyesha kwamba asilimia 7.8 ya watu wa miaka 7 na kuendelea wanaishi na ulemavu. Sensa ya mwaka 2022 ikatoa asilimia 11.2. Usidhani tu kwamba ulemavu umeongezeka. Namna ya kuuliza nayo imebadilika. Siku hizi karani haulizi "kuna mlemavu humu?" Anauliza kama mtu anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia. Swali likiulizwa vizuri, aliyefichwa anaonekana.

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9. Hii ndiyo sheria mama, iliyozika zile za mwaka 1982. Iliweka baraza la taifa la ushauri, mfuko wa taifa, na kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa kwenda juu. Upande wa ajira, mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 ya wafanyakazi wake wawe watu wenye ulemavu.

Umeona kalamu ilivyosogea? Ilikuwa kwa sista, ikaenda kwa balozi, ikaja kwa mtendaji, na sasa sheria inataka kamati ya kijiji ambayo watu wenye ulemavu wenyewe wamo. Jiulize: kijijini kwako kamati hiyo ipo? Nani mwenyekiti? Kama hujui, kuuliza kwenye mkutano wa kijiji ni haki yako. Wala huhitaji kuwa na cheo.

SEHEMU YA 5: TASAF NA MKUTANO WA KIJIJI

Sasa tunafika kwenye pesa yenyewe.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000. Awamu za kwanza zilihusu zaidi miradi ya jamii kama madarasa, zahanati na visima. Wazo la kuipa kaya maskini pesa mkononi lilijaribiwa kwanza Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Mwaka 2012 ukazinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Mwanzoni haukufika vijiji vyote. Awamu ya pili iliyozinduliwa Februari 2020 ndiyo iliyolenga kufika kila kijiji, mtaa na shehia.

Watu wengi wanadhani majina yanachaguliwa Dodoma. Hapana. Hatua ya kwanza ni kijijini kwenu. Wawezeshaji kutoka halmashauri wanakuja, mkutano mkuu wa kijiji unaitishwa, vigezo vya umaskini vinasemwa hadharani, na wanakijiji wanataja kaya. Baadaye kaya zilizotajwa zinaulizwa maswali marefu kuhusu nyumba, chakula, mifugo, idadi ya watoto, ulemavu, na majibu yanachambuliwa. Kaya inayopita inaandikishwa, na ruzuku hulipwa kwa mizunguko ya miezi miwili miwili. Kaya zenye watu wenye nguvu zinapewa pia kazi za muda. Kaya isiyo na mtu wa kufanya kazi, mfano ya mzee peke yake au mtu mwenye ulemavu mkubwa, hailazimishwi kubeba karai.

Sasa mama, fikiria hili. Siku ya mkutano wewe uko nyumbani kwa sababu mtoto wako hawezi kuachwa na mtu. Wenzako wanatajana. Nyumba yako haitajwi, si kwa ubaya, ni kwamba hakuna aliyekumbuka, na wengine hawajui hata kama una mtoto wa pili maana hujawahi kumtoa nje. Uandikishaji ule haufanyiki kila mwaka. Ukikupita, unaweza kusubiri miaka, na mtoto hasubiri kukua.

Hapo ndipo mtu wa karibu anapookoa jahazi. Mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya wa jamii, au jirani mwenye roho nzuri akisimama na kusema "ile nyumba ya chini kule ina mtoto asiyekaa", anakuwa amefanya kazi ambayo ofisi nzima ya wilaya isingeweza kuifanya. Kwa hiyo usimfiche mtoto kwa watu hawa. Wanachokijua wao ndicho kitakachosemwa usipokuwepo.

Na kama una ndugu wa kukushikia mtoto saa mbili tu, nenda mkutanoni mwenyewe. Au mbebe uende naye.

SEHEMU YA 6: ILE ASILIMIA 2

Njia ya pili ni mikopo ya halmashauri. Narudia, ni MIKOPO. Si zawadi, inarudishwa. Lakini haina riba.

Mizizi yake ni miaka ya 1990, halmashauri zilipotakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 5 kwa wanawake, 5 kwa vijana. Watu wenye ulemavu hawakuwa na fungu lao. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ikarekebishwa, mgawanyo ukawa asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, na riba ikaondolewa.

Mapato ya ndani ni yale ambayo halmashauri inakusanya yenyewe, kama ushuru wa mazao, ada za masoko na leseni. Nikupe hesabu ya mfano tu: halmashauri ikikusanya shilingi 1,000,000,000 za kuhesabiwa, 100,000,000 ni za mikopo, na kati ya hizo 20,000,000 ni za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo gunia la alizeti linalolipiwa ushuru hapa Ikungi, sehemu yake ndogo inatakiwa irudi kwa mtu mwenye ulemavu. Si huruma ya mtu. Ni sheria.

Shida ya mwanzo ilikuwa kikundi. Kijijini kuwapata watu wenye ulemavu wa kutosha, wanaoishi karibu, wanaotaka biashara moja, wanaoweza kukutana kila wiki, si mchezo. Mmoja haoni, mwingine hatembei, wa tatu anahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Matokeo yake pesa ipo na waombaji hawapo. Baadaye kanuni zikalegezwa kwa kundi hili na idadi ya wanakikundi ikapunguzwa. Kwa kuwa kanuni zimebadilika zaidi ya mara moja, muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata za sasa zinasemaje, usifuate ulichosikia kwa jirani aliyekopa miaka ile.

Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kusitishwa kwa mikopo hii ili utaratibu upangwe upya. Ripoti za ukaguzi zilikuwa zimeonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Yaani kuna watu waliandika vikundi visivyokuwepo wakachukua pesa. Mikopo ikarudi mwaka 2024, halmashauri 10 zikichaguliwa kujaribu kupitisha mikopo benki, na nyingine zikiendelea kwa utaratibu ulioboreshwa.

Kusitishwa kule kuliwagusa wote, waaminifu na wasio waaminifu. Fundi cherehani mwenye mguu mmoja aliyekuwa amekamilisha makaratasi yake alisubiri zaidi ya mwaka kwa kosa la kikundi ambacho hakikuwahi kuwepo. Ndiyo maana nasema orodha ya uongo inamwibia mtoto wako sawasawa na kukosa kuandikwa. Ukimwona mtu anauza fomu au anadai "ya soda" ili akuingize TASAF au kwenye mkopo, huyo ni kishoka. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

SEHEMU YA 7: UGONGE MLANGO UPI

Tangu mwaka 2015 masuala ya watu wenye ulemavu yapo Ofisi ya Waziri Mkuu, na tumewaona manaibu waziri wenye ulemavu wenyewe: Dkt. Abdallah Possi, kisha Stella Ikupa, kisha Ummy Nderiananga. Ni hatua kubwa. Lakini wewe hutaenda Dodoma. Safari yako inaanzia hapa hapa, na nashauri iende hivi.

Kwanza kliniki. Ukiona mtoto amechelewa kukaza shingo, kukaa, kugeukia sauti, au kichwa kinakua haraka, usisubiri "atachangamka tu". Mguu kifundo ukianza kufungwa plasta wiki za mwanzo, wengi wananyooka vizuri. Kichwa kikubwa na mgongo wazi vinataka rufaa ya haraka. Tena mengine ukiyawahi hayafiki hata kuwa ulemavu. Na maandishi ya kliniki ndiyo ushahidi wako wa kwanza popote utakapokwenda.

Pili cheti cha kuzaliwa. Utaratibu wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya afya na ofisi za kata ulizinduliwa Mbeya mwaka 2013, ukaendelea mikoa mingine. Mtoto mwenye ulemavu anasahaulika sana kwenye hili, watu wanasema "cheti cha nini na shule hatasoma?" Atasoma. Hapa hapa wilayani kwetu ipo Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko inayopokea watoto wenye ulemavu.

Tatu mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Hakikisha jina la mtoto lipo kwenye kumbukumbu ya kijiji ya watu wenye ulemavu. Liulizie kwa jina, uone limeandikwa.

Nne Afisa Ustawi wa Jamii kwa mambo ya msamaha wa matibabu, vifaa kama kiti mwendo, na ukatili au kutelekezwa. Afisa Maendeleo ya Jamii kwa vikundi na mikopo. Mwezeshaji wa TASAF kwa ruzuku. Ni watu watatu tofauti, usichanganye ukaja kukata tamaa kwa sababu uliyemkuta siye.

Tano weka makaratasi yote kwenye mfuko mmoja wa nailoni: kadi ya kliniki, cheti, rufaa, barua ya mtendaji, kitambulisho chako cha NIDA. Tunza nakala. Maafisa wanahamishwa, na anayekuja hakujui.

Nawaambia na akina baba: msimwachie mama safari hizi peke yake. Kumbeba mtoto wa miaka 6 asiyetembea hadi ofisi ya kata ni kazi ya mgongo, na mgongo wa mama una mwisho. Chukua hata baiskeli.

Na wewe ambaye mtoto wako ni mzima, usipitie hapa ukasema hayakuhusu. Mkutano wa kijiji ukiitwa na wewe ukawepo, mtaje yule ambaye mama yake hajaweza kuja.

Maswali yaandike hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Usiandike jina la mtoto wala kuweka picha yake, nieleze tu umri na hali. Mtumie mfululizo huu mama mmoja unayejua anauhitaji.